Makinda wanakufa na jike anataga tena: anza kwa kutoa kikapu

“Jambo, Munganga. Sisi tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwezi wa pili niliwanunulia watoto wangu ndege wawili wadogo aina ya mandarini, dume na jike. Tundu tuliliweka jikoni kwa sababu ndiko kwenye joto, na tangu siku ya kwanza wako na kikapu chao cha kulalia. Wanakula ulezi na maji, siku nyingine mkate. Jike ametaga mara nne. Mara ya kwanza mayai 5, hakuna hata moja lililoanguliwa. Mara ya pili waliyafunika mayai kwa majani, wakataga mengine juu yake. Mara ya tatu, mwezi wa sita, walitoka makinda watatu, tukafurahi sana. Siku ya tatu nikakuta wawili wako chini ya tundu wamekufa, na mwenzao amefia ndani. Mama mkwe anasema ni watoto waliogusa kiota, kwamba ndege akisikia harufu ya mtu anawaacha wanawe. Jirani anasema dume ndiye anayetupa. Wiki iliyopita jike alikaa chini asubuhi nzima, manyoya yamevimba, kisha akatoa yai laini kama ngozi, akapona. Sasa wanakusanya majani tena. Nimtenge dume? Ninunue jike mwingine? Au ndege hawatutaki sisi?”

Mama, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, nenda ukatoe kile kikapu tunduni. Toa na majani yote waliyokusanya, hata yale yaliyoanguka chini. Ndege watalala juu ya vijiti vyao kama ndege wengine wanavyolala. Kikapu si kitanda, ingawa wauzaji wengi huwapa watu kwa jina hilo. Ukishakitoa, rudi tuzungumze.

Umeniuliza juu ya makinda, na nitafika kwao. Lakini kilichonishtua katika barua yako ni lile yai laini kama ngozi. Makinda watatu wamekwenda. Mama yao bado yuko, na kwa mwendo huu hatafika mvua.

Hebu tufanye hesabu. Mandarini mzima ana uzito wa gramu 12 au 13 hivi. Yai lake moja lina gramu 1. Anataga moja kila siku, asubuhi, mpaka yafike manne, matano, hata sita. Basi kwa siku tano ametoa mwilini mwake zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Ni kama mwanamke wa kilo 60 azae kilo 20 na zaidi kwa juma moja, halafu mwezi ujao arudie. Wako amerudia mara nne tangu mwezi wa pili, na mezani hakuna kitu ila ulezi, maji na mkate.

Ganda la yai karibu lote ni chokaa yenye kalsiamu, ile ile inayojenga mifupa. Jike hulitengeneza katika saa za mwisho kabla ya kutaga, sehemu kubwa usiku, akichukua kalsiamu kwenye chakula, na isipotosha anaikopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa ikikopwa tena na tena bila kulipwa, siku inafika yai linatoka uchi. Na kuna jambo la pili ambalo wafugaji wengi hawalijui: misuli inayosukuma yai nayo inahitaji kalsiamu ili ikaze. Kalsiamu ikipungua, ganda linalegea na msukumo unalegea papo hapo, na yai linakwama njiani. Ile asubuhi nzima aliyokaa chini amevimbisha manyoya, ndivyo ilivyokuwa. Yai lilitoka kwa bahati, mama.

Utaniuliza, kama amechoka hivyo, mbona anakusanya majani tena? Hapo hatuna wa kumlaumu. Mandarini, ambaye Wafaransa wanamwita diamant mandarin (usimchanganye na chenza), asili yake ni Australia, kwenye sehemu kavu za bara ambako mvua haina ratiba. Inaweza kukosekana muda mrefu, halafu ikashuka ghafla. Ikinyesha, majani yanatoa mbegu, na ndege wa huko wanakimbilia kutaga kabla neema haijakauka. Isiponyesha wanakaa kimya. Kwa hiyo mwili wa mandarini hausomi kalenda, unasoma dalili: maji yapo, mbegu zipo, pa kujenga papo. Sasa tazama jiko lako. Bakuli la maji halikauki, ulezi hauishi, kikapu kiko wazi mwaka mzima. Kwake hiyo ni mvua isiyokatika tangu mwezi wa pili, na atataga mpaka afe. Anayeweza kuikata hiyo mvua ni wewe peke yako, kwa mkono ule uliotoa kikapu.

Tuje kwa makinda.

Mama mkwe usimkatalie kwa ukali, maana ana nusu ya ukweli. Ndege wananusa, tusidanganyane. Ila harufu ya mkono wa mtoto haimfanyi mandarini akatae kinda wake. Mimi huwatoa makinda kiotani, nawapima, nawarudisha, na mara nyingi mzazi ameshaingia kulisha kabla sijaondoka pale. Kinachoharibu ni mshtuko. Mzazi ameatamia, mtoto anachungulia ghafla, ndege anaruka nje kwa hofu, na kinda asiyefika hata gramu 1 ananaswa kwenye ukucha au chini ya tumbo na kuburutwa naye. Anaanguka, na kwa dakika chache ameshapoa. Mdomo wa mandarini unaweza kumtoa kinda kiotani, lakini kumrudisha hauwezi.

Na jirani naye ana nusu yake. Dume mwenye haraka ya kuanza mayai mengine hutupa makinda, nimeona kwa macho yangu. Lakini mara nyingi zaidi wanayemtoa ni yule aliyekwisha kufa, au aliyepoa kiasi cha kutofungua mdomo. Ukimtazama kinda wa mandarini akiomba chakula utaona ndani ya mdomo wake vidoti vyeusi. Hivyo ndivyo vinavyomwonyesha mzazi, mle ndani ya kikapu chenye giza, mahali pa kuweka punje. Kinda aliyepoa hana nguvu ya kuinua shingo. Asiyeinua shingo halishwi, na asiyelishwa anazidi kupoa. Siku ya kwanza anaishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake, ndiyo maana nyinyi mliwaona wazima mkafurahi. Siku ya tatu kiini kimekwisha.

Iko namna ya kujua, na siku nyingine naomba uitumie. Kinda akifa, usimtupe mara moja. Mlaze kwenye kiganja, umtazame shingoni mchana kweupe. Ngozi yake ni nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na gole, ule mfuko wa chakula, unaonekana kwa nje, hata punje za ulezi zilizomo unaweza kuzihesabu. Gole likiwa tupu, limelala bapa, amekufa kwa njaa. Likiwa limejaa na mwili hauna kidonda, ni baridi au ameburutwa nje. Likiwa limejaa na kichwani au mgongoni kuna alama za kudonolewa, hapo nami nitamgeukia dume. Wewe hukuniambia gole lilikuwaje, kwa hiyo nakisia tu. Lakini kwa chakula ulichokitaja na mwezi ulioutaja, nakisia njaa na baridi zilishirikiana.

Mwezi wa sita hapa kwetu wote tunaujua. Mchana jua, usiku unatafuta blanketi la pili, na kuna usiku nyuzi zinashuka chini ya 10. Mandarini mkubwa anavumilia, ili mradi awe mkavu, ameshiba na hapigwi na upepo. Kinda anatoka uchi, na kwa siku nane hadi kumi za mwanzo mwili wake hauwezi kujipasha moto wenyewe. Joto lake lote ni la tumbo la mzazi na la ndugu zake. Wakiwa watano wanapashana. Wakiwa watatu, usiku wa Katuba ni mrefu.

Kuhusu yale mayai ya mwanzo sina maneno mengi. Makinda walitoka mara ya tatu, basi dume ni dume na jike ni jike. Sema wanapouzwa mara nyingi bado ni wachanga. Mandarini anaweza kutaga akiwa na miezi mitatu tu, lakini mimi simpi kiota mpaka afikishe miezi tisa. Mayai ya wachanga mara nyingi ni viza tangu mwanzo. Angalia pia vijiti vya tunduni: kijiti kinachocheza kinamwangusha dume wakati wa kupanda, na mayai yanatoka bila mbegu. Wengi hubadilisha dume wakati kilichohitajika ni kukaza msumari. Ukitaka kujua yai lina uhai, ngoja siku ya tano au ya sita ya kuatamia, weka tochi ya simu nyuma ya karatasi ngumu yenye kitobo kidogo, na juu ya kitobo uweke yai, gizani. Lenye uhai lina mishipa myekundu kama mizizi. Lisilo na kitu linaangaza njano tupu.

Na yale yaliyofunikwa kwa majani? Hiyo ni kazi ya majani yenyewe. Dume akiendelea kupata majani, anaendelea kujenga, hata kama mayai yameshatagwa. Anajenga juu yake, jike anaona kiota kipya kisicho na yai, anaanza upya. Dawa yake ni rahisi: yai la kwanza likitagwa, hakuna jani tena linaloingia tunduni. Wala usiwape nyuzi, pamba au nywele. Nimeshakata vidole vya ndege waliofungwa na uzi mmoja wa cherehani mpaka mguu ukawa mweusi.

Sasa jiko. Nakuelewa, ulitafuta joto. Lakini jikoni ndipo mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba kwa ndege, na nasema kwa aibu. Zamani, nikiwa bado najifunza kazi hii, usiku mmoja wa mwezi wa saba niliingiza mbabula, lile jiko la makaa, chumbani walimokuwa ndege wangu, makala yameshika vizuri, hayana moshi. Nikafunga mlango ili joto lisitoke. Asubuhi nikakuta sita wako chini. Makala yasiyotoa moshi ndiyo yaliyonidanganya, kwa sababu gesi inayoua, monoksidi ya kaboni, haionekani wala hainuki. Inashika damu mahali pa hewa safi. Mapafu ya ndege yanapitisha hewa upande mmoja bila kupumzika, akiingiza na akitoa, kwa hiyo sumu inamfikia upesi kuliko inavyotufikia sisi. Mji huu ni wa machimbo, baba zetu wengine wamekula mkate wa chini ya ardhi, basi jambo hili tusilione geni: wachimba makaa wa Uingereza walishuka na ndege wadogo wa njano mgodini mpaka mwaka 1986, ili ndege akianguka, watu watoke mbio. Kama mandarini wako wameanguka wote siku moja, usiwaangalie wao kwanza. Toa watoto nje, ufungue madirisha.

Kingine cha jikoni ni kile kikaango cheusi kisichoshika chakula. Kikisahaulika juu ya moto mkali, utandu wake unatoa mvuke ambao mtu hausikii, na ndege anakufa kwa dakika chache.

Hamisha tundu. Ukuta wa ndani wa chumba mnachokaa, juu kidogo kuliko kichwa cha mtoto, mbali na mlango. Usiku funika pande tatu kwa blanketi, upande mmoja ubaki wazi kwa hewa. Baridi ikizidi, jaza chupa maji moto, izungushie kitambaa, iegemeze nje ya tundu upande mmoja, ili ndege achague kusogea karibu au kusogea mbali. Inatosha.

Chakula ndipo nitakapokusumbua zaidi. Ulezi ni chakula kizuri. Una kalsiamu kuliko mahindi na mchele, na hamkukosea kuuchagua. Lakini jike anayetaga anahitaji kuliko ulezi unavyoweza kutoa, na kinda anahitaji protini na kitu laini. Mzazi hana kitu cha kumpa mwanawe ila alichonacho kwenye gole. Akila punje kavu, kinda wa siku mbili analishwa punje kavu. Kule Australia wanalisha makinda wao mbegu za majani ambazo bado hazijakomaa, zenye maziwa ndani. Na hizo ziko hapa kwetu msimu wa mvua: yale majani marefu yanayoota kila kiwanja kitupu, ukibinya punje kwa ukucha inatoa kitu cheupe. Kata mashuke, osha, ning’iniza tunduni, uone watakavyoyashambulia. Usikate kando ya barabara kubwa wala karibu na viwanda vya madini, vumbi la hapo si la kumlisha kiumbe.

Wakati wa kiangazi, otesha ulezi. Wanaotengeneza pombe ya nafaka watakufundisha kuliko mimi: uloweke usiku kucha, uuoshe, uutandaze kwenye kitambaa kibichi, uoshe tena asubuhi na jioni. Ukiona mkia mweupe umechungulia, uko tayari. Ukinuka uchachu, tupa wote, usionje bahati.

Kwa protini, yai la kuku. Lichemshe likaze kabisa, liponde kwa uma pamoja na mkate mkavu mpaka lisishike vidoleni. Kijiko kimoja cha chai kwa ndege wawili. Liondoe baada ya saa mbili au tatu, kwa maana yai lililokaa tunduni mchana linageuka sumu. Na ganda lake usilitupe, hilo ndilo dawa ya jike wako: lichemshe dakika kumi, lianike, lisage mpaka liwe kama mchanga mnene, uwawekee kwenye kifuniko kidogo mwaka mzima. Watajipimia wenyewe. Lengalenga (mchicha) iliyooshwa, kidogo kila siku mbili. Mkate mtupu achaneni nao, na avokado isiingie tunduni hata kipande, ni sumu kwa ndege.

Kalsiamu hiyo haitaingia mwilini bila jua. Na jua la kupitia kioo cha dirisha halifanyi kazi hiyo, kioo kinazuia ule mwanga unaotakiwa. Asubuhi, upepo ukitulia, toa tundu nje nusu saa, nusu yake iwe kivulini, na mtu mmoja abaki hapo akilinda paka. Hiyo ni kazi nzuri ya kuwapa watoto, wakae nayo badala ya kuchungulia kiota.

Kuna jambo moja la kukutahadharisha. Vyakula hivi vizuri navyo ni dalili ya mvua. Jike wako anavihitaji ili mifupa ilipwe, lakini vikizidi vinamwamsha kutaga. Kwa hiyo katika miezi ya kupumzika yai la kuku mara mbili kwa juma, basi. Ganda na jua kila siku.

Anaweza bado kutaga sakafuni, bila kikapu. Usiyaondoe mayai moja moja, kwa maana ukimwondolea anadhani hesabu haijatimia, anaendelea. Yachukue, yachemshe dakika tano, yapoe, yarudishe pale pale. Atayalalia, atachoka, ataacha. Baada ya wiki mbili na nusu hivi uyatoe yote.

Sasa maswali yako yenyewe. Kumtenga dume? Kwanza hapana. Mandarini hushikana kama mke na mume, ukiwatenga wataitana kutwa nzima mpaka mchoke nyinyi, na jike anaweza kutaga hata bila dume, kama kuku. Mtenge ikiwa tu kikapu kimetoka wiki tatu na bado anampanda kila saa, au unamwona akimnyofoa manyoya. Kununua jike mwingine? Hapana kabisa. Watatu katika tundu dogo ni ugomvi, na utakuwa na majike wawili waliochoka badala ya mmoja. Pesa hiyo nunua tundu refu zaidi. Nasema refu, si la kwenda juu: ndege huyu anaruka kwenda mbele, na kwa wawili ningependa lisipungue sentimita 80.

Wako watakaokushauri umtafutie mayai mama wa kambo, yule ndege mdogo wa kufugwa anayeitwa kwa Kifaransa moineau du Japon, ambaye analea watoto wa kila mtu. Ni njia ya kweli, inatumika sana kwingine. Hapa mjini kumpata ni shida, na inaficha tatizo tu: jike wako angetaga zaidi, kwa kuwa hana wa kulea. Na kulisha makinda kwa mkono, kila nusu saa toka alfajiri hadi usiku, mama mwenye watoto asijaribu. Mimi mwenyewe nimepoteza wengi kuliko niliowaokoa.

Njia nyingine, ambayo watu hawaipendi, ni kuacha kuzalisha. Mandarini wawili bila kikapu wanaishi vizuri kabisa, dume ataimba, watoto watafurahi. Fikiria pia ni nani atakayewachukua hao makinda. Wanaanza kujilisha wakiwa na wiki tano, na wakiwa na miezi mitatu ndugu kwa ndugu wanaanza kupandana. Kabla hujarudisha kikapu, uwe na majina ya nyumba mbili zilizokubali.

Mkiamua kujaribu tena, ngojeni mvua. Hapa kwetu, mwezi wa kumi ni joto kali na hewa kavu, na hewa kavu inakausha utando wa ndani ya yai, kinda anashindwa kutoka. Mwezi wa kumi na moja mvua imeshashika, majani yana mbegu, usiku hauumi. Hapo rudisha kikapu na majani makavu mafupi. Mayai yataatamiwa na wote wawili kwa zamu, siku 13 hivi toka walipoanza kulala kwa bidii, na hiyo ni baada ya yai la tatu au la nne. Anza kuwapa yai la kuku kila siku mapema, kabla hawajaangua, kwa sababu mandarini ana mashaka na chakula kipya, na akikikuta siku makinda wametoka hatakigusa. Makinda wakiwa nje ya yai, mara mbili kwa siku, kipya kila mara. Kuchungulia ni mara moja kwa siku, mtu mzima mmoja, baada ya wazazi kutoka wenyewe. Wiki ya tatu wataanza kutoka kiotani wakiwa na midomo myeusi, na wataendelea kulishwa wiki mbili nyingine. Wakishajitegemea, kikapu kinatoka. Mara mbili kwa mwaka, si zaidi. Mwaka huu kwa huyu wako, mara moja tu.

Siku ukimkuta tena chini, amevimba manyoya, miguu ameitanua, mkia unapanda na kushuka, usingoje jioni. Mtie kwenye kisanduku cha karatasi ngumu chenye matundu, kitambaa laini chini, chupa ya maji moto pembeni mpaka ndani pawe na nyuzi 30 hivi, na kikombe cha maji moto kilichofunikwa kwa kitambaa ili hewa iwe na unyevu. Tone la maji ya sukari pembeni mwa mdomo, si ndani ya koo. Usimkamue tumbo wala usijaribu kuvunja yai, likivunjika ndani makali ya ganda yatamchana. Saa mbili zikipita bila yai, mlete. Ndege wa gramu 12 hana akiba ya kungojea kesho. Kwa waganga wa wanyama hapa mjini, ulizia Kitivo cha Tiba ya Wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na ukipiga simu popote uliza kwanza: “Mnashika ndege wadogo?” Wako wanaojua ng’ombe na mbwa tu, na si kosa lao. Mlete pia ukimsikia anapumua kwa mlio wa kutiktik, au kinyesi kikigeuka maji siku mbili. Mikono ioshwe baada ya kusafisha tundu, ya watoto hasa.

Kile kikapu usikitupe. Kimwagie maji yanayochemka, kianike juani siku mbili, kifunge kwenye kitambaa, ukiweke juu ya kabati mahali ambapo ndege hawakioni.